Kosa la Kusali Pamoja

Nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya mifugo pale Ikutha, mbuzi wangu wakingoja nje wakaguliwe ndipo nipate kibali cha kuwapeleka Makindu. Mkubwa wa ofisi alikuwa akijaza ripoti za mwaka za kupima kazi ya wafanyakazi wake. Akamwita karani wake.

"Mama, nimekuandikia wastani."

"Na mwenzangu?"

"Nzuri sana."

Karani akaanza kuhesabu kwa vidole. Vibali vyote huandika yeye. Mwenzake huingia saa nne. Kila kidole, mkubwa aliitikia, "Ni kweli." Halafu akaweka kalamu chini.

"Shida ni kwamba mimi na wewe tunasali kanisa moja. Nikikupa nzuri, watu watasema ni upendeleo. Lazima nitende haki."

"Sasa nihame kanisa, mzee?"

Mkubwa aliliwaza swali hilo, uso umekunjamana, kama mtu aliyeulizwa jambo la maana. Akavuta kibali changu, akakipiga muhuri bila kutoka nje kuwaona mbuzi.

Wiki nzima nimejaribu kuielewa haki ya mtu huyu, na nimeshindwa. Mimi pia nasali kanisa hilo.