Kiatu Kisichobana

Mwalimu wangu alikuwa na ndoto moja ya uzeeni, na wala haikuwa kubwa. Alitaka kuupanda Mlima Elgon kwa miguu yake mwenyewe, mwaka ule wa kustaafu, kabla magoti hayajaanza kelele. Mimi ni mkewe, lakini hata nyumbani namwita Mwalimu, kwa sababu nilipomjua kila mtu alikuwa anamwita hivyo. Nasema mapema ili usije ukasoma ukitarajia mengine: mlima hatukuupanda. Ninavyoandika yuko hapo nje kwenye kiti cha plastiki, mkongojo ameuegemeza ukutani, anafokea kuku wanaochakura sukuma wiki yangu. Mlima uko mbele yake, mweupe wa asubuhi, bila hata wingu, na mimi nakasirika kila ukijionyesha hivyo.

Mimi nimezaliwa upande wa Kitale. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Kati wakanunua shamba karibu na Kiminini, na kwetu mlima ulikuwa mahali jua linapotua, basi. Hakuna mtu wa kwetu aliyeuliza kuna nini huko juu. Sisi tuliuliza mvua imefika wapi. Yeye ni Mbukusu wa Sirisia, na kwao wanauita Masaba, na wanauongelea utadhani ni mjomba wao. Tulipooana tukaanza kubishana nani anakaa mbele ya mlima na nani anakaa nyuma yake.

"Nyinyi mnaona mgongo tu," ananiambia. "Mlima haujawahi kuwageukia."

"Na nyinyi mnaoona uso, mmeupanda lini?"

Hapo anageuza mazungumzo, maana hata yeye hakuwahi kuupanda. Kila siku ni shule, kila likizo ni kupalilia au kuvuna. Mwishowe tukakubaliana, akistaafu tu, ule msimu wa kiangazi baada ya mahindi kuingia stoo, tutapanda wote wawili, kesi iishe. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tulikuwa tumelea watoto na kuzika wazazi, lakini safari ya raha tu, ya sisi wawili, hatukuwa tumewahi kufanya.

Shida ikaanzia kwa viatu.

Mwalimu ni mtu wa jozi moja. Msimsingizie ubahili, sivyo. Ni msimamo. "Mtu ana miguu miwili," husema. "Jozi ya pili ni ya nani?" Basi jozi hiyo moja ilibidi ivumilie matope ya shamba, ishike mwamba, iingie kanisani Jumapili, na ikae matangani bila kuchekesha waombolezaji. Mpwa wake anayepeleka wageni mlimani alikuwa ametueleza njia ilivyo: chini msitu wenye matope ya kumeza mguu, halafu mianzi, halafu mawe, na huko juu baridi ya kuuma masikio. Nikamwambia Mwalimu achukue gamboti za matope na raba za mawe, aweke moja kwa mkoba. Aka! Utadhani nimemwambia aoe mke wa pili. Gamboti zinateleza kwa mawe, akasema, raba zinakunywa maji, na mtu mzima hawezi kutembea na duka la viatu mgongoni. Kiatu kimoja cha kazi yote kipo. Ni kukitafuta tu.

Tukakitafuta. Haki tulikitafuta.

Kitale tulipitia mitumba yote. Kuna muuzaji mmoja, baba mwenye sauti ya mnada, aliyetuita kutoka mbali. "Mwalimu! Kuja uone baba ya viatu zote!" Akatoa madude ya plastiki ngumu yanayofika muundi, yenye vyuma vya kufungia kama vya sanduku. Akaapa ni ya mlima. "Wazungu wanavaa hii wakishuka mlima. Wanateleza kwa barafu."

"Wanateleza makusudi?" Mwalimu akauliza.

"Makusudi kabisa. Wanafungia mbao ndefu hapa chini, moja kila mguu, halafu wanajiachilia."

"Sisi huku kuteleza ni bure," nikasema. "Ngoja tu inyeshe." Watu wakacheka. Lakini Mwalimu aliyavaa, kwa sababu hajawahi kupita kitu bila kukijaribu, akatembea hatua chache akiwa amekakamaa kama mtu aliyelowa suruali. Muuzaji akamuuliza kama yanabana. "Hata," Mwalimu akajibu, na muuzaji mwenyewe akashangaa, maana yalikuwa magumu ya kubana hata mti. Mimi nilikuwa bado nacheka.

Kutoka hapo ikawa kila siku ya soko. Misikhu alipata buti nzuri, lakini soli ilikuwa na meno makubwa, atabeba shamba zima aingie nalo kanisani. Bungoma mjini alipata nyingine nyepesi kama chapati, lakini nyekundu. "Nitaenda matanga na hii?" Ya Kiminini ikawa nzito. Nyingine ikawa laini sana, au kama alivyosema yeye, "iko laini mno, jiwe litaingia moja kwa moja." Nilichoka, bana. Siku moja nilimwacha sokoni nikaenda zangu kunywa chai, nikamwambia mlima utahama kabla hajapata kiatu. Akacheka tu. Yeye ukimkasirikia anacheka, na hiyo inakukasirisha zaidi.

Tulikipata Sirisia, kwao, tulipoenda kumsalimia ndugu yake mkubwa. Kilikuwa juu ya turubai la mama mmoja, katikati ya viatu vya shule. Ngozi ya kahawia, inayofunika kifundo, soli yenye meno ya kiasi. Ukiipaka rangi inaingia kanisani, ukiipiga maji inarudi shambani. Mwalimu alikaa kwenye gogo akavaa, akafunga kamba, akasimama, akakanyaga huku na huku. Kisha akaniangalia kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe.

"Mama," akasema, "haibani. Haibani mahali popote."

Lazima nieleze hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani. Mwalimu ana miguu mipana, na kando ya kidole gumba ana kinundu. Katika ndoa yetu yote, hakuna kiatu kipya kilichoingia nyumbani bila wiki ya kuchechemea na kulalamika. Kumnunulia viatu ilikuwa ni kununua maneno. Sasa hiki kimemkaa mara moja, hata kidole kile cha shida hakisemi kitu. Nilishika mikono yake pale pale sokoni, mtu mzima mimi, tukacheka. Nikasema Mungu ametukumbuka. Yule mama akasema viatu huchagua mwenyewe, na sisi tukaamini.

Ninajuta furaha ile. Sijui mtu anaweza kujutia furaha, lakini mimi naijutia. Kulikuwa na mambo mengine yaliyokuwa yakitokea nyumbani. Alikuwa akinywa maji jagi baada ya jagi, na sisi tukasema ni jua la shamba. Alikuwa akivua soksi halafu ananiambia, "Ajabu, naona kama bado nimezivaa," nami nikamwambia huo ni uzee umepiga hodi, afungue mlango. Yeye akacheka, nami nikacheka.

Huku kwetu kiatu cha mtumba hakivaliwi kabla hakijapita kwa fundi. Lazima kishonwe soli kuzunguka, kisigino kipigwe misumari midogo, ndipo uwe na amani nacho. Na fundi akimaliza ana desturi yake. Haingizi mkono ndani kupapasa. Anakupa uvae, usimame, ukanyage kwa nguvu, umwambie wapi panadunga. Ukisema hapa, unakivua, anauponda huo msumari unalala. Usiposema, kazi imeisha. Mguu wa mwenye kiatu ndio kipimo.

"Inadunga, Mwalimu?" fundi wa pale Sirisia akauliza.

Mwalimu alikanyaga. Akaruka kidogo, kujionyesha. "Hata kidogo."

"Kanyaga tena."

"Fundi, hii umeiweza. Niko kama mtu amevaa hewa."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, akaamua kukijaribu. Asubuhi kikapakwa rangi kikaenda kanisani, kikapita mtihani wa kwanza. Mchana tukateremka mtoni, kwenye tope jeusi, kisha tukapanda kile kilima cha mawe kilicho juu ya boma lao. Mimi nilikuwa na raba zangu, nahema kama ng'ombe. Yeye alikuwa mbele, anaruka jiwe hadi jiwe, ananipa mkono, ananiita pole pole. Pale juu tukakaa. Akanionyesha Masaba ulivyokaa kutoka upande wao, akaninyooshea kidole mahali msitu unapoishia na mawe yanapoanza, akasema, "Pale. Kiangazi hiki mimi na wewe tutakunywa chai pale." Ni mchana mzuri kuliko mingine yote niliyo nayo. Siwezi kuukumbuka bila kutaka kuurudia na kumvua kile kiatu.

Tuliporudi alivua viatu mlangoni, kama kila mtu. Nikaona soksi. Soksi ya kulia ilikuwa nyeusi kisiginoni, na nilidhani ni tope mpaka nilipoishika ikanilowesha vidole. Ngai! Nilipiga ukemi. Ndugu yake akatoka jikoni mbio, akauinua mguu wa Mwalimu, kisha akaingiza mkono ndani ya kiatu na kuutoa haraka akinyonya kidole. Msumari ulikuwa umesimama mle ndani wima. Mwalimu alikuwa ameenda nao kanisani. Alikuwa ameenda nao mtoni na kilimani na kurudi.

"Na hukusikia?" nikamuuliza.

Mwalimu aliutazama mguu wake kama wa jirani. "Sikusikia kitu."

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo mimi hushindwa kulala. Ndugu yake alianza kucheka. Alicheka kwa fahari, akampiga Mwalimu begani. Akaniambia, "Shemeji, wewe hukuwepo. Huyu alipotahiriwa alisimama mbele ya kisu, hakupepesa jicho. Mpaka wazee walimsifu. Msumari ni nini kwake?" Majirani wakaja, hadithi ya kisu ikasimuliwa upya, na ya msumari ikaongezwa juu yake. Mbukusu ni Mbukusu. Mwalimu alikaa pale, mguu ndani ya karai la maji ya chumvi, anatabasamu kwa haya. Nami nilikuwa nani? Mtoto wa watu wa Kati, niliyeolewa kwa watu wasiopepesa jicho. Nilijivuna. Nilisema mbele ya wote, "Mzee wangu ni chuma." Hakuna mmoja wetu, katika watu wote waliojaa uwanja ule, aliyeuliza mbona mtu asisikie msumari.

Tulirudi nyumbani. Mahindi yakaingia stoo, kiangazi kikaja, mpwa wake akapiga simu kuuliza twaja lini. Kidonda kilikuwa bado wazi upande mmoja. Mwalimu akasema kikauke kwanza. Nikakipaka hiki na kile, majirani wakaleta majani, duka la dawa likatoa vidonge. Juu kilifunga, chini kikawa kinatoa harufu. Hakulalamika hata siku moja, na kwa vile halalamiki tukasema kinapona. Vidole vilipobadilika rangi ndipo nilipompeleka Bungoma, kwa kliniki. Nilimwambia twende tuchukue bandeji tu, kwa sababu hapendi hospitali.

Walimtoboa kidole cha mkono, wakapima sukari, wakapima tena wakidhani mashine imekosea. Kisha akaja sista mmoja, muuguzi wa makamo, mpole. Akavuta stuli akakaa miguuni pake. Alikuwa na kijiti chenye uzi mgumu kwenye ncha, kama ule wa ndoana.

"Mwalimu, funga macho," akasema. "Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Mwalimu akakaa wima, mikono magotini, akafumba macho. Sista akamgusa kwenye mkono, kumwonyesha. "Ndiyo," akasema, kwa sauti ya darasani, tukatabasamu sote.

Kisha sista akashuka kwenye miguu yake. Akaugusisha uzi kwenye kidole gumba, mpaka ukapinda. Akangoja. Akaugusisha kando ya kile kinundu chake, kile kilichonisumbua miaka yote. Akaenda katikati ya wayo, akaenda kisigino, akahamia mguu wa kushoto, ule ambao haukuwa na kidonda, akaanza upya. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya sista naona kila kitu. Nilikuwa namwomba kimya kimya, sema ndiyo, Mwalimu, sema tu. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, wa mtu anayesubiri mtihani aliousomea.

Sista aliuweka uzi chini. Akaniangalia.

"Sista, anza basi," Mwalimu akasema, macho bado ameyafumba. "Niko tayari."

Ikabidi nimjibu mimi.

"Mwalimu," nikamwambia, "amemaliza."