Alama Nyekundu Iliyotoka Pwani

Aliyekosea ni mwenyekiti wa kamati ya ununuzi ya kiwanda chetu cha zabibu hapa Dodoma, wala si fundi wa mitambo. Nalitanguliza hilo lisije likapotea.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Tulinunua mtambo unaofyonza hewa kutoka kwenye pipa la juisi, ili juisi ichemke ikiwa vuguvugu na ladha isiungue. Geji ndiyo huonyesha kama hewa imetoka ya kutosha. Mwenyekiti alichagua geji iliyotumika katika kiwanda kimoja cha pwani, pamoja na alama yake nyekundu ambayo mshale ulipaswa kuifikia. Nilipouliza kama itafaa huku juu, alinijibu, "Katibu, hewa ni hewa. Andika."

Niliandika.

Mshale haukufika kwenye alama hata mara moja. Fundi, mtu wa Kibakwe mwenye familia, alibadilisha mipira, akakaza nati zote, akapitisha mwali wa kibiriti kandokando ya viungio. Haukuvutwa popote, ishara kwamba hapakuvuja.

"Mshale usipofika hadi Ijumaa," mwenyekiti alimwambia mbele yetu, "rudi kwenu ukalime."

Nyumbani nilimkuta mke wangu, mzaliwa wa Pangani kule pwani, akigombana na sufuria.

"Maharage ya huku yananiringia, mume wangu."

"Ni ya Busi hayo. Magumu."

"Haya haya nilimpelekea mama kwetu, yakaiva upesi. Maji yenu ndiyo mavivu!"

Nilicheka, kisha nikaikumbuka geji. Uwanda wetu uko juu na hewa yake ni nyepesi. Ndiyo maana maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Geji yetu ililinganisha hewa ya pipani na hewa ya nje, na ya nje yenyewe ilikuwa pungufu. Mshale ungefikaje alama ya pwani? Ilitakiwa geji inayoanza kuhesabu kwenye utupu kamili, isiyojali hewa ya nje.

Niliazima moja katika maabara ya chuo. Ijumaa tuliifunga, nayo ikaonyesha kwamba mtambo ulikuwa mzima.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema, ingawa tulikwishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Kanawe, tuionje juisi."

Fundi bado yupo kazini. Mimi nimestaafu, naishi mtaa wa Nkuhungu, nimeridhika. Juisi haikosekani mezani, na maharage tunayaloweka tangu usiku. Lakini mwenyekiti bado husimulia kwamba geji iliharibika njiani.

Ninamtaka rasmi awatamkie wafanyakazi wote, fundi akiwapo, kwamba geji ilikuwa nzima, kwamba aliichagua yeye, na kwamba hapakuwa na kiungo kilichovuja.