Pikipiki ya Mke Mwenzangu

Simu ililia alfajiri, nami bado niko juu ya mswala, nyumbani kwangu Msambweni. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mkwiro, kisiwani ng'ambo ya Shimoni, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Angezikwa baada ya adhuhuri. Kwetu maiti hangojewi. Nilikuwa sijamwona tangu mfungo uliopita, na nilitaka jambo moja tu: niuone uso wake kabla haujafunikwa.

Gari za kwenda Shimoni hazitoki mpaka zijae. Lakini mjukuu wangu wa kike, mke mwenzangu kwa utani wa bibi na mjukuu, afanyaye kazi hotelini Diani, alikuwa amelala kwangu, na pikipiki yake iko mlangoni.

"Bibi, twende," akaniambia. "Hata saa nzima haitaisha, tutakuwa pwani ya Shimoni."

Ile si pikipiki ya bodaboda. Ni ya Kijapani, rangi ya buluu, injini yake ndogo, cc mia mbili na hamsini tu, lakini imeundwa iende mbio na iweze safari ndefu. Mbele ina kioo cha kukinga upepo. Zamani nilikuwa nikiisema vibaya, mpaka siku moja akiipaka cheni mafuta akanihadithia habari za walioiunda. Mzee aliyekianzisha kiwanda kile, kabla ya kuwaza pikipiki, alikuwa akiunda mitambo ya kufumia nguo. Husemekana mtambo mmoja wa mwanzo alimtengenezea mamake, apate kupumzika. Mimi nimesuka ukili na kushona mikeka tangu sijavunja ungo. Niliposikia hivyo niliikagua upya. Nikatafuta maungio yake kama nitafutavyo mahali ukili ulipounganishwa, nisiyaone. Nikasema, hapa pana fundi.

Lakini asubuhi ile nilikosea. Nilikusanya buibui langu nikakaa upande, kama wanawake wa kwetu tukaavyo siku zote kwenye bodaboda. Kiti cha ile kiko juu, tena kimeinama mbele. Hatukufika hata nyumba ya pili, nikaanza kuteleza, nikamshika mtoto wa watu shingo.

"Bibi, wanikaba roho! Tagaa miguu."

"Mimi? Mzee kama mimi nitagae barabarani?"

"Basi kaa na heshima yako, mke mwenzangu, dada yako azikwe bila wewe."

Maneno yale yaliniingia. Nilirudi ndani, nikafungua sanduku, nikatoa suruali ya marehemu mume wangu, nikaivaa ndani ya buibui. Jirani yangu aliniona nikitoka.

"He, shoga! Leo waenda kucheza mpira?"

"Naenda kuzika. Dada yangu hatunaye."

Alijishika mdomo. Kisha akaja mwenyewe, akaniinua mguu akanivusha upande wa pili, na kofia ngumu akanifunga yeye.

Tukaenda. Ile pikipiki haipigi kelele. Yavuma kama cherehani iliyotiwa mafuta vizuri. Kwenye matuta iliinuka na kushuka pole, mgongo wangu haukujua. Tulipita Ramisi, Kanana tukakata kushoto, na malori yaliyokuwa mbele yetu tuliyaacha nyuma moja moja. Nilikuwa nikilia ndani ya ile kofia, na huku nafsi yangu yasema, mashallah, Wajapani hawa.

Shimoni tulikuta mashua ya wazishi haijang'oa nanga, tukavuka nayo. Mkwiro nikaingia chumbani, maiti ameshaoshwa, wanawake wameshika ncha za sanda tayari kufunga. Majina yao wote ninayo kichwani, ila hapa siyaandiki. Binti yake mkubwa aliponiona akasema, "Mama mdogo amefika. Mfunueni."

Uso ulikuwa mtulivu, kama aliyemaliza kazi zake. Nilikaa kitako kando yake, nikamtaka radhi kwa niliyoyajua na nisiyoyajua, na yake nikamsamehe. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, vumbi limemjaa kope. Nikamwita naye aje amwone.

Kisha nikawaambia, "Haya. Mfungeni."