Mgongo Uliofunga Mdomo wa Lufilyo

Tulinagwe Amon Mwangoka, mfinyanzi wa Ikombe aliyeolewa kwetu Matema, ni mtoto wa Amon aliyevusha mtumbwi wa vyungu hadi Lyulilo siku ambayo wanaume wenzake walikuwa kanisani wakiombea upepo utulie. Ni mjukuu wa Catheline, ambaye mtoza ushuru wa gulioni alipolalamika kwamba chungu chake ni kikubwa mno, alimjibu akipime kwa kichwa. Akakipima. Kikagoma kutoka. Na yeye mwenyewe Tulinagwe ndiye aliyemshinda mdogo wangu Lazaro bila kumtazama, bila kumtaja jina na bila kumsemesha. Lazaro nilimbeba mgongoni, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Lazaro ni baba mkwe wake. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimsikia njiani anaacha njia, anajifunika khanga, anachuchumaa majanini mpaka mzee apite. Siku hizi mjini wanakula meza moja na kupeana chumvi. Huko ni kwao.

Sasa, serikali ilipogundua kwamba ziwa lina wenyewe, nasi tulishangaa, maana tulikuwepo muda wote, ilimtuma Bwana Wilbroad, ofisa uvuvi, mtu wa Kagera, mpole, mwenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Matema, masika! Akatuambia tutalinda samaki kwa pamoja, sisi na serikali. Sisi tukatoa miguu na mitumbwi, serikali ikatoa fulana. Tukaunda kikundi cha kulinda mwalo wetu, BMU, tukatunga sheria ndogo: masika, samaki wetu mbasa wanapopanda mto Lufilyo kwenda kutaga, pasiwe na wavu mdomoni mwa mto. Na wavu usikamatwe mpaka kiongozi wa doria amwone mwenye wavu kwa macho yake. Hilo la macho lilipendekezwa na Lazaro. Haki itendeke, alisema. Tukampigia makofi.

Bwana Wilbroad akaomba kiongozi wa doria awe mwanamke. Wanaume wakatazama paa. Lazaro akasimama, akakohoa, akasema, "Mimi nampendekeza mke wa mwanangu mkubwa. Tusiwaache wanawake nyuma." Watu wakanong'ona kwamba mzee ameelimika. Bwana Wilbroad karibu alie kwa furaha. Tulinagwe alikuwa nje, nyuma ya ukuta, khanga usoni, maana baba mkwe alikuwa ndani. Alichaguliwa hivyo hivyo, nyuma ya ukuta.

Masika yakaingia. Lazaro akatandaza wavu wake ng'ambo hadi ng'ambo, saa nne ya asubuhi, jua linawaka. Doria ikaja: Tulinagwe mbele, Humphrey na Dickson nyuma, fulana zimenyooshwa pasi. Walipofika kwenye matete Lazaro akakohoa. Tulinagwe chini, khanga kichwani.

"Tumkamate?" akauliza Humphrey.

"Kiongozi amemwona?" akauliza Dickson.

"Kiongozi yuko majanini."

"Basi hajaonekana mtu. Shikamoo, mzee Lazaro!"

"Marahaba, wanangu. Poleni na kazi za serikali."

Wakarudi. Na kesho yake tena vivyo hivyo. Ikawa doria ya kwenda kusikiliza kikohozi.

Mbasa wakaisha mtoni. Watu wa juu ya mto wakatuma ujumbe kuuliza kama tumewala wote au tumewabakizia miba. Bwana Wilbroad akaja amekunja uso, na viatu vimeshakuwa vyekundu. Akasema kabla ya masika yajayo kwisha mbasa wasipoonekana wakipanda, kikundi kinafutwa na mwalo unafungwa. Kufungwa maana yake hakuna usipa, dagaa wetu, wa kuanika, hakuna mtumbwi wa vyungu kutua. Na nani atabeba lawama? Mwanamke tuliyempa uongozi, bila shaka. Lazaro mwenyewe alishaanza kusikitika hadharani: "Tulijaribu. Labda wanawake hawajawa tayari."

Jioni moja Tulinagwe akaja kwangu, akakaa jikoni.

"Shangazi, nikimwona baba nakimbia."

"Ndivyo ulivyofundwa."

"Na yeye akiniona?"

"Naye anakimbia. Mila imefunga wawili. Hata kusogea ulipoketi hawezi, ni aibu yake."

"Hata kama mimi ndiye niliyetangulia pale?"

Nikaacha kupepeta. "Mwanangu," nikamwambia, "kumbe Ikombe hamfinyangi vyungu tu."

Masika yaliyofuata, kabla Lazaro hajapiga mswaki, Tulinagwe alikuwa ameshahamishia udongo wake na mkeka kwenye fungu la mchanga mdomoni pa Lufilyo. Akaketi, uso ziwani, akafinyanga. Lazaro akateremka kutoka nyumbani na wavu begani. Akakohoa. Tulinagwe akajifunika khanga, akampa mgongo, akaendelea na chungu. Lazaro akakohoa tena. Alikohoa mpaka wachuuzi wa usipa wakamshauri aende zahanati.

"Humphrey!" akapiga kelele, maana kumsemesha mkamwana hawezi. "Mwambie huyo mama asogee!"

Tulinagwe akakiinamia chungu. "Chungu," akasema, "mwambie mwenye kikohozi kwamba mimi niko kazini."

Ufuko mzima ulicheka. Lazaro akaja kwangu, wavu bado begani.

"Dada, nimevunjiwa heshima!"

"Alikutazama?"

"Hapana."

"Alikutaja?"

"Hapana."

"Alikusogelea?"

Akautua wavu chini.

"Nani alimsogelea mwenzake, Lazaro?"

"Lakini dada, pale ni mahali pangu pa kuvulia!"

"Basi nenda ukavue. Kuna mkamwana wako tu pale, atakuzuia nani?"

Hakwenda. Aliketi barazani msimu mzima akitengeneza wavu usiotoboka. Na mbasa wakapanda, migongo inang'aa majini kama masufuria mapya. Bwana Wilbroad akaleta wageni, akaniuliza mbinu hii shirikishi inaitwaje. Nikamwambia inaitwa adabu. Akawaambia wageni wake kwamba wananchi wameelewa elimu waliyopewa. Ndaga, asante, Bwana Wilbroad.

Lazaro si mtu wa kukata tamaa. Akamwoza mwanawe mdogo, Ambilikile, binti wa kijiji cha Ngonga aitwaye Naomi, kwao ni watu wa mpunga, wasiojua ziwa. Alimchagua mwenyewe, ng'ombe akatoa mwenyewe. Huyu, alisema, ni mtulivu, hana mambo ya vikundi.

Mwaka huu mvua zilipoanza, mama yake Tulinagwe akaugua kule Ikombe, na mtumbwi wa kumpeleka Tulinagwe huko ukawa tayari. Lazaro akauona, akatoa wavu uvunguni. Nilikuwepo Tulinagwe alipomwita bi harusi uani na kumtwika mkeka wake.

"Naomi, kesho alfajiri utakaa wewe pale mchangani."

"Dada, mimi sijui samaki. Nitafanya nini pale?"

"Beba ungo wako, uchague mchele. Kwani huyu mzee kwako ni nani?"

"Ni baba mkwe."

"Inatosha. Kikohozi kikianza, mpe mgongo. Na usisogee."