Rimu ya Nne

Nianze na ujinga wangu, maana huo ndio uliotangulia. Gari langu lilikuja na rimu za chuma, nyeusi, za inchi kumi na nne, na tairi nene za kawaida. Ukipita nazo mjini Tukuyu, watu wanaangalia parachichi ulizobeba, gari hawalioni. Mimi ni dalali wa parachichi, na msimu ule nilikuwa nimefanya vizuri, nikajiona mtu. Basi nikaona haya kukanyagia rimu nyeusi.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayeuza rimu za mtumba pale mjini, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani akabaki huku kwenye mvua yetu. Nikamwonyesha zile nilizozitaka, inchi kumi na saba, zinang'aa mpaka unajiona sura. Mzee akaigeuza moja, akanionyesha namba iliyochongwa kwa ndani, karibu na matundu ya nati.

"Hii ndiyo ofseti," akasema. "Inakwambia rimu itakaa wapi. Ya gari lako namba yake ni kubwa kuliko hii. Namba ikipungua, tairi linasogea nje. Ukipakia mzigo, bodi itashuka ikalie tairi."

"Si tutakunja madigadi?"

"Madigadi tutakunja. Lakini si hilo tu, mjukuu wangu. Rimu ikiwa kubwa, tairi lazima liwe na ukuta mwembamba, la sivyo haliingii. Na ule ukuta ndio godoro la gari. Kwenu si Ikuti? Kwa ile barabara yenu, na tairi la namna hii, kila jiwe utalijua kwa jina."

Nikacheka. "Mzee, wewe uza tu. Mawaidha nitayapata kanisani."

Hayo ndiyo maneno niliyomjibu mtu aliyeshika rimu tangu mimi sijazaliwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Akachukua nyundo, akaanza kukunja madigadi, yale mabati yanayofunika tairi.

Zile za zamani nikazigawa kwa mbwembwe. Moja nilimpa jirani yetu anayepika pombe, akaenda kuikatisha katikati, ikawa jiko. Moja akaichukua binamu yangu wa Mpuguso, akaifunga kwenye mkokoteni wa ndizi. Ya tatu ilibaki kwa mama, naye akapandia mchaichai humo. Ya nne ilikwenda kanisani.

Kengele ya kanisa letu ilikuwa imeibiwa na watu wa chuma chakavu, na kwa wiki kadhaa watu walikuwa wanaitwa ibadani kwa kupigiwa makofi na kelele, aibu tupu. Nikaibeba rimu yangu Jumapili, nikaiweka mbele. Wakaitundika kwa waya kwenye mti wa mparachichi, mzee wa kanisa akaigonga kwa bolti, ikalia vizuri ajabu. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakaliombea na gari langu, na rimu zake mpya zikimeremeta. Mama yangu alicheza siku ile mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Tangu hapo kila kengele ikilia alikuwa anawaambia majirani, "Mnasikia? Hilo ni gari la mwanangu linaita watu." Aliwachosha, masikini, lakini nani angemkataza?

Mwaka haukuisha, mama akaanza kulalamika mgongo. Tulidhani ni kubeba chai, maana mama alichuma chai maisha yake yote. Tukampaka mafuta, tukamkanda. Tulipofika hospitali kubwa Mbeya wakatuambia ni saratani, ilianzia titi na sasa imeingia kwenye uti wa mgongo. Daktari alinieleza nje, taratibu, kwamba kupona hatapona, ila akija kwa dawa kila baada ya wiki tatu maumivu yatapungua na siku zitaongezeka. Siku zitaongezeka! Nililishika hilo neno kwa mikono miwili.

Nikawa nampeleka mimi mwenyewe. Nililaza siti za nyuma, nikaweka godoro, mito, na blanketi. Kutoka nyumbani Ikuti mpaka kwenye lami ni kipande kifupi tu kwa mtu asiyeumwa. Kwa mama yangu kilikuwa jehanamu. Kila jiwe lilipita kwenye ile rimu, likapita kwenye ule ukuta mwembamba, likaingia moja kwa moja mgongoni mwake. Na kwenye makorongo gari likishuka, tairi lililotoka nje linakwaruza bodi, krrr, na mwili wake unatetemeka wote. Niliendesha polepole mpaka watu wa miguu wakatupita. Haikusaidia kitu. Ningemsikia mama analia ingekuwa afadhali, lakini aling'ata upindo wa kitenge, na mimi namwona kwenye kioo.

Safari ya tatu, tulipofika nyumbani akanishika mkono.

"Gwe mwanangu, ndaga, asante. Dawa sasa zinatosha."

"Mama, bado. Daktari kasema bado."

"Ugonjwa nauweza. Njia siiwezi."

Nikamwambia nitakodi gari lingine, liwe na tairi nene. Akakasirika, kwa nguvu ile ndogo aliyokuwa nayo. "Gari la mwanangu limesimama uani, watu wamelipigia vigelegele, halafu mimi nipande la kukodi? Watasema gari lako ni la kupigia picha." Nikambembeleza. Akageukia ukutani. Mwee! Alikuwa analinda sifa yangu, ile sifa ya kijinga, na mgongo wake unaoza.

Nikarudi kwa mzee wa rimu. Sikuweza hata kumwangalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, wala hakunikumbusha nilivyomjibu.

"Mama analala nyuma?" akauliza. "Basi za nyuma mbili zinatosha. Niletee mbili zile zako za chuma, tairi nene ninazo, nakufungia leo hii hii."

"Hapa huna nyingine?"

Akanionyesha. Za inchi kumi na nne alikuwa nazo za matundu manne, na gari langu ni matundu matano. Moja tu ilikuwa na matano. Tukaijaribu, ikazama ndani mpaka ikagusa shokapu, haikuzunguka hata nusu. Ofseti tena. Alisema ataagiza Dar, ila hajui zitafika lini. "Tafuta zako," akasema. "Zilitengenezwa kwa ajili ya hilo gari."

Nikaenda kuzitafuta. Jiko lilikuwa jiko, limekatwa katikati, halina hata pa kufunga nati. Ya Mpuguso binamu alikuwa ameibamiza kwenye mtaro, imepinda kama sahani ya bati. Ya mama niliing'oa mwenyewe na mchaichai wake, nikaipiga brashi, ilikuwa nzima kabisa. Moja. Spea sikuwa nayo, nilihitaji moja tu zaidi, na nilijua iliko, na Jumapili ilipofika niliisikia inalia.

Nilikwenda kanisani siku ile nimeshapanga maneno. Ibada ilipokwisha nikamsogelea mzee wa kanisa. Yeye akanitangulia, akanishika bega, akawaambia wageni waliokuwa wametoka Matwebe, "Huyu ndiye kijana wetu aliyetupa kengele." Wageni wakanipa mikono, mmoja baada ya mwingine. Nikasema asante. Nikatabasamu. Nikaondoka.

Niliporudi nyumbani nilijitukana njia nzima. Nikajiambia, Jumapili ijayo. Halafu nikaanza kujitetea, unajua mtu anavyojitetea: kitu kilichotolewa kwa Mungu hakirudishwi, na watu watamwambia mama kwamba mwanao kanyang'anya kanisa kengele, aibu hiyo ndiyo itammaliza, na huenda zile za Dar zitafika. Jumapili iliyofuata nilisimama chini ya ule mparachichi. Niliigusa. Nilihesabu matundu, yako matano. Niliona hata namba ya ofseti, imefunikwa na kutu lakini inasomeka. Mzee wa kanisa akauliza, "Vipi, unakagua kengele yako?" Nikasema naangalia waya kama bado una nguvu. Ebo! Mtu mzima na ndevu zake, anadanganya kuhusu waya, na mama yake yuko nyumbani anang'ata kitenge.

Siku ya dawa ikapita. Hatukwenda. Ya pili ikapita. Mama akawa hawezi kugeuka bila watu wawili. Rimu moja ikawa imeegemea ukuta wa nyumba, safi, na kila nikitoka nje naiona.

Alifariki Jumanne asubuhi, mvua inanyesha, dada yangu akiwa ameenda kuchemsha uji. Nilikuwa nimeshika miguu yake, ilikuwa na baridi tangu jana yake. Dada aliporudi na kikombe akaelewa kabla sijasema. Jirani akakimbia kanisani kutoa habari, na baada ya muda kidogo tukasikia kengele, ile ya msiba, pigo moja, kimya, pigo moja. Hakuna aliyesema hilo ni gari la mwanangu. Aliyekuwa akisema alikuwa amelala pale mbele yangu, mdomo wazi kidogo.

Tukazika. Watu walikuja wengi, na kuni, na ndizi, kama kawaida yetu. Siku ya pili baada ya maziko mzee wa kanisa alikuja akaketi na mimi kwenye benchi, akaiona ile rimu ukutani.

"Hii si ndugu yake ile ya kwetu?" akasema.

Sijui kilichonifungua mdomo. Nikamwambia yote, kuanzia duka la rimu mpaka waya. Nikamwambia nilikuwa nataka moja tu, ya nyuma, ili mama alale apate kufika Mbeya. Nilidhani atanishangaa, au atanipa neno la Biblia. Aliweka mikono magotini, mikono ya mkulima, imepasuka.

"Na uliogopa kutuomba?"

"Niliona aibu, baba."

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Ungesema tu, mwanangu," akasema. "Sisi tungegonga jembe."