Sufuria Iliyokuwa Lori

Nilipokuwa mtoto niliogopa sufuria. Cheka tu, hata mume wangu alicheka, mpaka nilipomsimulia yote. Wenzangu pale Ibighi waliogopa mbwa wa jirani na ng'ombe wenye pembe kali. Mimi nikisikia mfuniko ukigonga jikoni, nilikimbilia uwanjani. Sufuria yenyewe ilikuwa kubwa, nzito, ya kijivu, na mama yangu aliipenda kuliko chombo chochote ndani ya nyumba.

Alikuwa na haki ya kuipenda. Mama alifanya kazi kiwanda cha chai, akitoka alfajiri na kurudi jioni, na baba alikuwa kazini Chunya, nyumbani tukimwona kwa nadra. Chungu chetu cha udongo kilikuwa kimepasuka. Sufuria nyembamba za dukani nazo zilitoboka upesi, leo unaiziba hapa, kesho inavuja pale. Mama akasikia kuna fundi Msasani, ile ya kwetu Rungwe, anayeyeyusha vyuma chakavu na kumimina sufuria nzito zisizotoboka. Siku ya kwenda kuichukua tulikwenda watatu: mama, mdogo wangu Lusajo mgongoni, na mimi nimeshika upindo wa kitenge.

Tanuru la yule fundi lilikuwa pipa lililokatwa, na moshi wake uliwasha koo. Nilimwona akitupia humo kila kitu, vipande vya injini, vifuniko, hata vibati vya kijivu vilivyotoka ndani ya betri ya gari. Mama akamuuliza kama kweli sufuria ile itadumu.

"Dada, hii ni injini ya lile lori lililoanguka Kyimo," fundi akasema, akiipiga sufuria kofi. "Mali ya Mjapani hiyo. Utazeeka wewe, yenyewe utaiacha."

Mama akacheka, akajitwisha. Mimi sikucheka. Lori lile nililijua.

Nani asingelijua? Lilikuwa limebeba vibarua wa chai, likakosa breki kwenye kona iliyo chini ya shamba la bibi yangu mzaa baba. Bibi ndiye aliyefika wa kwanza. Alivua kitenge chake akamfunika mtu mmoja, akakimbia nyumbani akaleta vingine, akafunika na wengine, mpaka vitenge vyake vikaisha. Tangu siku hiyo hakupita tena kwenye ile kona. Aliingia migombani akazunguka, hata mvua inyeshe, na mvua ya Rungwe haina adabu.

Bibi alikuwa na desturi yake kuhusu vyombo. Hakutia chombo jikoni kwake bila kukigonga kwa kifundo cha kidole na kuuliza swali lile lile: "Kabla hakijawa hiki, kilikuwa nini?" Kwa chungu jibu lilikuwa rahisi. Kilikuwa udongo wa kule ziwani, ukafinyangwa na mama wa Kikisi, kabila la wafinyanzi, ukachomwa, ukapandishwa mlima mpaka sokoni kwetu. Bibi akisikia mlio mzuri alisema "Ndaga," yaani asante, akikiambia chungu chenyewe. Aliamini kwamba chombo kinakumbuka. Chungu kilichochemshiwa dawa hakuruhusu kipikiwe mboga, hata kikioshwa namna gani. Sijui kama hiyo ilikuwa imani ya Wanyakyusa wote au ya bibi yangu peke yake, maana majirani zake walimtania kwamba anachunguza vyungu kama mtu anayechunguza ukoo wa mchumba.

Basi akaja kututembelea na kibuyu chake cha maziwa ya mgando. Mama alikuwa amepika ndizi na maharage kwenye sufuria mpya, amejaa furaha ya kumpokea mama mkwe. Alipotoka nje kusuuza sahani, bibi akainama akaigonga. Akanigeukia.

"Gwe Tumpe, hii sufulia, kabla haijawa hii ilikuwa nini?"

"Ilikuwa gari, Bibi."

"Gali gani?"

"Lile la pale kwako."

Mkono wake ulibaki hewani. Akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akachukua kibuyu. Mama akaingia na sahani zinachuruzika maji.

"Mama, mbona umesimama? Chakula tayari."

"Sili."

Kwetu mama mkwe kukataa chakula cha mkwe wake ni jambo zito. Hata kama umeshiba unaonja, unasifia, ndipo unaaga. Mama akaziweka sahani chini taratibu, akauliza kosa lake.

"Kosa si lako," bibi akasema. "Hicho chombo kimekula watu, na kinakumbuka. Kitamdai mdogo, kwa sababu mdogo hawezi kujibu."

"Mama, sisi ni watu wa kanisa!"

"Na mimi je? Mimi ni mzee wa kanisa, na Kyala, Mungu mwenyewe, ananisikia ninavyosema."

Akaondoka na njaa yake. Mama akalia kwa hasira, kisha akafanya alichofanya: akapikia sufuria ile kila kitu, asubuhi na jioni, kama anayemwonyesha bibi kwa mbali. Uji wa Lusajo aliupika alfajiri, akaukamulia ndimu nyingi ili mtoto aupende, akauacha humo humo mpaka jioni. Jirani alimnywesha mchana, nami nikitoka shule namnywesha uliobaki.

Lusajo alikuwa katika umri wa kuokota maneno. Alikuwa na maji, paka, dada, mwezi, na ng'ombe aliyemwita "ombe". Baada ya maneno ya bibi nikaanza kuyakagua kila siku nikirudi. Sema paka. Sema maji. Kwanza aliyasema yote, nikapumua. Halafu ombe akapotea. Nikajipa moyo, labda amechoka. Halafu mwezi ukapotea. Akaanza kukunja magoti na kulia tumbo, midomo imepauka, haendi chooni, hachezi. Mama alimpa maji ya vuguvugu, akamkanda, akasema ni minyoo. Mimi nilijua ni nani: ni wale wa kwenye lori. Nilikaa mbele ya jiko nikiitazama ile sufuria, na maharage yalipochemka na kutokota nilisikia watu wanazungumza humo ndani. Jamani, niliogopa! Na sikuwa na wa kumwambia, maana ukimtaja bibi mbele ya mama, alikunja uso.

Siku Lusajo aliponitazama nikamwambia "Sema dada," akanyamaza, nilikwenda jikoni nikaigonga sufuria kwa kifundo cha kidole, kama bibi. Nikasema, "Mwacheni huyu. Chukueni maneno yangu mimi, ni mengi zaidi."

Nikanyamaza. Nilidhani ndivyo mapatano yanavyokuwa: nikisema hata neno moja, wataona nimewadanganya na kumrudia Lusajo. Kesho yake shuleni mwalimu akaniita jina, sikuitika, nikachapwa kwa jeuri. Sikulia hata kwa sauti. Jioni mama aliporudi akaniita kutoka mlangoni.

"Tumpe! Wee Tumpe!"

Nikaja, nikasimama mbele yake. Akaniuliza kama Lusajo amekula, nikatikisa kichwa. Akaniuliza nina nini. Akanishika mashavu kwa mikono yake iliyonuka majani ya chai. "Sema. Sema mama. Tumpe, sema mama!" Machozi yalinitoka, lakini midomo nimeikaza. Nilimwona mama akimtazama Lusajo kwenye mkeka, akinitazama mimi, akiitazama sufuria. Mpaka leo sijaona tena mtu mzima akiogopa namna ile.

Kulipokucha hakwenda kazini. Alimfunga Lusajo mgongoni, akajitwisha sufuria tupu, akanishika mkono, tukapanda mpaka Kyimo. Bibi alikuwa anafagia uwanja. Hakusema "nilikwambia." Aliingia ndani akatoka na chungu kipya cha Kikisi, na kumbe alikuwa amekwisha kukitayarisha tangu siku ile aliyotususia chakula: kimejazwa maji na pumba za mahindi, kimechemshwa taratibu mpaka vitundu vyake vikazibika, maji yakamwagwa. Kilikuwa kinatungoja tu.

"Nipe hiyo, nikupe hiki," akasema. "Lakini mtoto tunampeleka hospitali leo hii. Chungu ni kazi yangu, damu ni kazi ya daktari."

Kwanza alichimba shimo migombani, akaifukia sufuria, akasali Baba Yetu kwa Kinyakyusa. Alipomaliza akaniinamia. "Mjukuu wangu, nasikia umepoteza sauti."

Nikaona sasa imefukiwa, mapatano yamekwisha. "Sijaipoteza, Bibi. Nimewapa, wamwache Lusajo."

Mama aliketi chini pale pale kwenye majani makavu ya migomba, na mtoto mgongoni.

Hospitali walisema damu imepungua sana, wakampa dawa. Tukarudi kwenye chungu. Mama alilalamika kidogo kwamba kinakawia kuchemka, kisha akajifunza kuinjika maharage usiku na kuyaacha kwenye majivu ya moto, asubuhi yameiva. Tumbo la Lusajo likatulia. Midomo ikarudi rangi. Maneno nayo yalirudi, lakini machache, na kwa kuchelewa, na yeye hakuwafikia tena wenzake. Leo ni mwanamume mzima mwenye migomba inayosifiwa Kyimo yote, ila ukimuuliza jambo lazima umngoje.

Nilipokuwa mkubwa nikasikia wataalamu wa afya wakieleza kuhusu vyombo vya vyuma chakavu. Betri za magari zina madini ya risasi, zikiyeyushwa pamoja na vyuma vya sufuria, sumu huingia kwenye chakula, hasa kilicho kichachu na kilicholala humo, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Nilisikiliza nikiwa nimesimama, nikatafuta pa kukaa. Ndimu. Uji kutwa nzima. Vile vibati vya kijivu. Sina ushahidi, na hakuna aliyepima kitu wakati ule. Ila nadhani bibi alikosea kuhusu wale marehemu, Mungu awarehemu, hawakuwa na ugomvi na mtoto yeyote. Kuhusu sufuria hakukosea. Nilimweleza mama yote hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema "Kumbe," basi, na tangu hapo hatukulizungumza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mama ndiye aliyeukoroga ule uji kwa mkono wake.

Bibi alishafariki, na mama na Lusajo sasa wanaishi shambani kwake. Pasaka iliyopita nilikwenda kuwaona. Lusajo alikuwa anachimba mashimo ya migomba mipya, jembe likagonga kitu. Akakitoa, akakipangusa udongo. Kwa bahati mbaya saa ile ile kijana wa pikipiki alikuwa anapita barabarani akipaza sauti: "Chuma chakavu! Betri! Masufuria mabovu!" Lusajo akamkimbilia, amefurahi kupata cha kuuza. Nilipofika, kijana alikuwa ameshainyanyua juu juu.

"Hii nzito, kaka. Ikiyeyushwa inatoka mpya kabisa."

Kabla sijafungua mdomo mama alitokea nyuma yangu, mwiko mkononi. "Hiyo haiuzwi."

"Mama, si chuma tu?"

"Ikiyeyushwa itampikia mtoto wa nani? Haiuzwi. Iweke chini."

Kijana akaiweka, akawasha pikipiki akaenda zake. Tukarudi migombani, mama akashika jembe mwenyewe, akachimba kina kirefu kuliko bibi alivyochimba. Tulipoitumbukiza, Lusajo alisimama ukingoni akiitazama. Tukamngoja, maana tulijua anatafuta maneno.

"Mama," akasema. "Hii ilikuwa nini?"

Mama aliegemea mpini.

"Ilikuwa sufuria yangu, baba. Ulipokuwa mdogo nilikupikia uji humo. Kila siku."

Lusajo akafikiri. Akachukua udongo kwa mikono miwili, akaumwaga shimoni.

"Ndaga, mama," akasema.

Nikalichukua jembe mkononi mwa mama nikamalizia kufukia, kwa sababu yeye hakuweza tena.