Regulata Namba Tisa

Kituo chetu cha uzamiaji pale Caleta Salobre kina sheria moja ambayo haijaandikwa popote, wala hakuna mkubwa kutoka Havana aliyewahi kutuletea: aliyetengeneza chombo ndiye anayezama nacho kwanza. Umeifungua regulata, umeisafisha, umeifunga? Haya, itie kinywani mwako mwenyewe, shuka nayo mita kumi na nne mpaka kwenye mnyororo wa boya, ukae huko robo saa. Ukirudi mzima unaandika kwenye daftari "imejaribiwa", unatia sahihi, na mgeni kutoka Kanada anaweza kuja kuipumulia bila kujua kwamba mpira ulio ndani yake ulikuwa tyubu ya baiskeli ya mtu.

Regulata ndiyo inayochukua hewa kwenye mtungi na kukuletea kinywani kila unapovuta pumzi. Vipuri vyake kwetu Cuba ni kama theluji, tumevisikia tu. Kwa hiyo kila kitu kinachongwa, kinashonwa, kinabandikwa, na kwa miaka ishirini na sita mchongaji alikuwa Nereida Pupo, mwanamke mfupi mwenye vidole vinene ambavyo ungedhani ni vya kukandia unga. Kumbe vidole hivyo vilikata duara la mpira jembamba kama ganda la kitunguu bila kutetemeka.

Miaka mitatu kabla ya siku ninayoisimulia, Nereida aliamka sikio linamuuma. Regulata namba tisa ilikuwa mezani kwake, ameshaifunga, na utando wa ndani, lile duara la mpira linalotenga hewa na maji, aliukata yeye jana yake. Mumewe, Orestes Borrell, kiongozi wa wazamiaji wetu, akaingia mbio. Mnyororo wa boya umejisokota, anashuka kuunyoosha, dakika kumi tu.

"Hii imejaribiwa?" akauliza.

Nereida angeweza kusema bado. Lakini sikio lilikuwa linapwita, na kushuka majini na sikio kama lile ni kujitafutia balaa, na mtu mwenyewe alikuwa Orestes, anazama tangu hajaota ndevu. "Imejaribiwa," akasema. Akaandika kwenye daftari, akatia sahihi. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia watoto kila siku, na wenyewe hatukomi kuharakisha.

Walimkuta chini kwenye mchanga kando ya mnyororo. Kipande cha mpira ambacho mzamiaji hukiuma kwa meno kilikuwa bado kinywani mwake, ameking'ang'ania, na regulata yenyewe inaning'inia nyuma ya bega. Kila mtu akasema moyo ulimkamata, akatapatapa, akaung'ata mpira mpaka ukakatika. Daktari naye akasema moyo. Hakuwa na sababu ya kusema kingine, kwa sababu mama yake Orestes, bibi Casimira, alikuwa amewazika kaka zake wawili, wote wamekufa kwa moyo kabla ya kutimiza hamsini.

"Ni mimi," Casimira alisema makaburini, mbele yetu sote. "Mimi ndiye niliyempa moyo huo."

Nereida alikuwa amesimama karibu naye, amemshika mkono. Alisikia. Hapo ndipo ganzi ilipomwingia, na haikutoka.

Watu walimsema, bila shaka. Hakulia msibani, basi ni jiwe. Alirudi kazini siku ya nne, basi ana moyo wa chuma. Wengine wakasema mume mwingine yuko njiani, na huyo mume mpaka leo hajafika, labda amekosa petroli. Ukweli ni kwamba Nereida hakuwa akihisi chochote. Alikula magimbi yetu ya malanga yaliyochemshwa na nyama ya nguruwe ya Mwaka Mpya kwa uso uleule. Alilikunja shati la marehemu kama anavyokunja taulo za kituo. Alijiunguza mkono kwa pasi akauangalia.

Alikuwa akiishi na Casimira, wawili tu, katika nyumba ya vyumba viwili. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Na bibi huyo alimtunza kama alivyomtunza mwanawe.

"Kula, mwanangu. Umekonda mpaka ukisimama dirishani naona barabara."

"Nakula, mama."

"Unakula nini? Unaisogeza tu sahani."

Casimira mwenyewe aliacha kahawa. Mtu aliyekuwa akinywa vikombe sita kwa siku, anayegombana na duka la mgao wa serikali kwa sababu wamechanganya njegere nyingi mno kwenye kahawa, aliacha kabisa, kwa ajili ya moyo. Chumvi aliacha. Ngazi aliacha. Na kila Jumapili alimpigia simu binti yake aliyeko Camagüey, sauti ikisikika mpaka kwa jirani: "Usimwache huyo mtoto akimbie! Ana moyo wangu huyo!"

"Mama, daktari kasema mtoto ni mzima."

"Na Orestes alikuwa mzima!"

Nereida alikuwa akisikiliza hayo huku anaosha vyombo. Alijua kuna neno moja angeweza kusema: kwamba chombo hakikujaribiwa. Lakini akilisema atampoteza Casimira, na asipolisema bibi atakufa akijihesabu kuwa ndiye aliyemuua mwanawe. Alilijua hilo vizuri, kama mtu anavyojua bei ya mchele. Halikumuuma popote.

Namba tisa ikabaki kwenye msumari ndani ya mfuko wa nailoni, miaka mitatu, hakuna aliyeigusa.

Sasa, Jumatatu moja ya Machi, Osmani, mkuu wa kituo, mtu mwenye tumbo na utani mwingi kuliko mitungi aliyonayo, akaja akaegemea mlango wa karakana.

"Bibi fundi, Alhamisi nina Wakanada wanane. Regulata ninazo saba. Huyo wa nane apumulie nini, bua la mpapai?"

"Mpapai hauna sahihi yangu," Nereida akasema.

Osmani akacheka, kisha akaacha kucheka, akautazama msumari. "Kuna namba tisa."

"Ni ya Orestes."

"Ni ya kituo, Nere. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo."

Alipotoka, Nereida aliutungua mfuko. Alikuwa ameogopa kitu kimoja tu miaka yote hiyo, ule utando alioukata kwa mkono wake. Kama umechanika, basi Orestes alivuta maji badala ya hewa, na hapakuwa na moyo wala ukoo wa moyo. Kama ni mzima, basi daktari alisema kweli, na kosa lake Nereida ni wino tu kwenye daftari. Akafungua kifuniko. Akautoa utando, akaushika mbele ya taa, akauvuta pande zote.

Ulikuwa mzima. Hauna hata tundu la sindano.

Alingoja afurahi. Hakufurahi. Akaosha vyuma kwa siki, akapaka mafuta, akabadilisha chujio, akaurudisha utando uleule. Mwisho akavika kipande kingine cha mpira cha kuuma kwa meno kwenye kibomba cha mdomo wa regulata. Vile vikanda vya plastiki vya kubania viliisha zamani, kwa hiyo akafunga kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, mizunguko mitatu, fundo lake la siku zote. Kibomba hicho kina mtaro mdogo wa kushikia uzi, na mtaro huo ulikuwa umelika. Aliuona. Itatosha, akasema moyoni. Hilo "itatosha" ndilo neno letu la taifa, tungelichora kwenye bendera kama nafasi ingekuwepo.

Jumatano asubuhi Osmani alimpeleka kwa boti mpaka kwenye boya. "Robo saa," akamwambia. "Ukinywa chai huko na samaki uniambie mapema, nina njaa."

Nereida akashuka na mnyororo mpaka mchangani, mahali palepale. Akapiga magoti, akaanza kuhesabu pumzi. Hewa ilikuja vizuri. Maji yalikuwa safi, samaki wa manjano walikuwa wakila kutu. Dakika ya kumi hivi aligeuza kichwa kushoto autazame mnyororo juu, na bomba refu la hewa litokalo kwenye mtungi likavutika kidogo.

Akavuta pumzi, akapata maji.

Ubaya wa jambo hilo ni kwamba meno yanakudanganya. Mpira unausikia bado upo kinywani, umeuuma, kwa hiyo akili inakwambia chombo kipo, vuta tena. Akavuta tena. Maji. Kifua kikajikunja. Akauma kwa nguvu zaidi, kama kila mtu angefanya, kama Orestes alivyofanya. Kisha akapeleka mkono mdomoni, na nyuma ya mpira hapakuwa na kitu.

Orestes aliwafundisha wazamiaji wote, na mkewe kabla ya wote: chombo kikikugomea usitafute juu, tafuta mkononi. Akautema mpira. Akautupa mkono wa kulia nyuma, akaufagia mbele kwa duara kubwa, bomba likajikokota likaingia kwenye kiwiko. Akaishika regulata ikiwa uchi, bila mpira, akaibandika kwenye midomo, akabonyeza kitufe cha mbele. Hewa ikaja na maji, nusu kwa nusu. Akakohoa ndani yake, akabonyeza tena, akapata pumzi.

Alijua sasa. Haukuwa utando, wala moyo. Ilikuwa ni uzi, fundo lake na mtaro uliolika, na kama siku ile angeshuka kwanza yeye, sikio lipasuke likitaka, mpira ungemchomokea yeye.

Alibaki pale na mnyororo. Hakulia, hakuogopa. Aliona kupanda au kubaki ni mamoja tu. Akaiona hewa inavyomtoka mapovu kwa mapovu, akajisikia mzito na mtulivu, na bila shaka angekaa muda mrefu zaidi kama lisingemjia wazo la kawaida kabisa, la nyumbani: akibaki hapa, Osmani atasema moyo. Na Casimira ataamini hilo pia, atasema ni yeye tena, kwamba huzuni aliyomletea mkwewe ndiyo iliyomuua. Akaanza kupanda, polepole, midomo juu ya chuma, akitoa pumzi njia nzima.

"Vipi, imekubali?" Osmani aliuliza, akimvuta botini.

"Imekataa. Nipe daftari."

Alipekua kurudi nyuma miaka mitatu, maji yakidondoka kwenye karatasi, mpaka akaiona sahihi yake. Kando yake akaandika, "Sikuijaribu." Kisha akamweleza Osmani yote. Osmani alisikiliza, akajifuta uso kwa kofia.

"Nere, dada yangu, yamepita hayo. Daktari kasema moyo, karatasi inasema moyo. Ukisema leo, nani atafaidika?"

"Casimira."

"Atakufukuza."

"Najua."

"Mimi naweza kuichana hiyo karatasi. Sijaona kitu."

"Mficha maradhi, Osmani, kifo humuumbua," alisema, akaliweka daftari kwenye mfuko wa boti usioingia maji, akaufunga.

Saa kumi alasiri alimkuta Casimira jikoni, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Mama, tulia nikwambie."

"Nimetulia. Kwani unaniona nacheza?"

"Orestes hakufa kwa moyo."

Vidole vya Casimira vikasimama. Nereida akamweleza: sikio, uongo, daftari, uzi, leo asubuhi. Alisema yote kwa sauti ileile moja, kama anayesoma maelekezo nyuma ya pakiti.

"Na ule mpira mdomoni?" bibi akauliza.

"Hakuukata kwa meno, mama. Ulichomoka. Uzi nilifunga mimi."

"Ungeshuka nayo kwanza ungeliona hilo?"

"Ningeliona."

"Na ulijua."

"Sikujua ni uzi. Nilijua sikuijaribu."

Casimira aliuweka ungo mezani.

"Miaka mitatu," alisema, "nimemkataza mjukuu wangu kukimbia."

Akainuka, akaenda kwenye simu, na haikuwa Jumapili. "Mwache akimbie," akasema. Upande wa pili waliuliza kitu. "Nimesema mwache akimbie! Maswali mengi ya nini? Moyo wake mzima." Akakata.

Akarudi jikoni. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na kopo la kahawa ambalo hakuligusa tangu siku ya mazishi, Nereida ndiye aliyekuwa akilijaza kwa mgao na kulitumia peke yake. Casimira akalishusha, akaweka birika motoni, akasubiri akiwa amempa mgongo. Nyumba ikajaa harufu. Alitoa kikombe kimoja. Akajimiminia, akatia sukari vijiko vitatu, akanywa amesimama, mpaka tone la mwisho. Kwetu hata polisi aliyekuja kukukamata humiminiwa kahawa.

"Iliyobaki imo birikani," alisema. "Kunywa ukitaka. Mimi sitakumiminia."

Akachukua ungo wake, akatoka uani.

Nereida alichukua kikombe mwenyewe. Kwa mkono ule uliokata mipira miaka ishirini na sita akajimiminia, akamwaga nusu mezani. Akanywa. Ilikuwa ya moto, ikamuunguza ulimi na koo, na safari hii iliuma, iliuma vibaya, na maumivu hayakuishia kooni. Akaketi palepale chini karibu na jiko, akalia kwa sauti, akimwita Orestes kwa jina. Uani Casimira alimsikia. Hakuja. Aliendelea kuchambua mchele, na ulikuwa mchele wa watu wawili.